Nishani Kwenye Mizani ya Chuma Chakavu

Anayetaka kujua bara ya Mombasa imekalia nini, asianzie makumbusho. Aje Magongo akae nami kutwa kando ya mizani. Kazi yangu ni chuma chakavu. Wanaoniletea ni wasukuma mikokoteni, vibarua wa mijengo, wachimba vyoo, na vijana wanaopita majalalani na magunia. Kopa naiweka pembeni, brasi pembeni, alumini pembeni, chuma kizito kinakwenda lundoni nyuma. Katikati ya friji mbovu na rimu za tuktuk hutokea kitu kidogo chenye kutu ya kijani, kimegandwa na udongo mwekundu, na aliyekileta hajui ni nini, anajua tu ni brasi. Mara nyingi ni ganda la risasi. Mara moja moja ni kifungo cha koti la askari, na kwa nadra sana ni nishani.

Ardhi ya huku kwetu imefukuliwa mno miaka ya karibuni. Reli mpya ilifika Miritini mwaka 2017, barabara ya Dongo Kundu ikakata mikoko na vilima hadi upande wa Likoni, na Kisauni nzima, kuanzia Mtopanga hadi Utange, watu wanachimba misingi ya magorofa palipokuwa mashamba ya minazi. Ulaya kuna watu wanaotembea makondeni na mashine ya kutambua chuma, wamevaa vifaa vya masikioni, wanatafuta vita kwa makusudi. Huku hakuna anayetafuta vita. Huku mashine ni sururu, na vita hujitokeza vyenyewe kwa mtu aliyekuwa akichimba choo.

Mimi huvinunua kwa bei ya brasi, nikaviweka kando visende kuyeyushwa. Jirani zangu wa biashara wananiona nimechanganyikiwa. Labda. Lakini nimejifunza kwamba kila kitu cha namna hii kina maswali mawili: kilifikaje hapa, na kilikuwa cha nani. La kwanza huwa jepesi.

Wazee wetu walivipa vita vile viwili vya dunia majina mafupi: vita vya Mjerumani na vita vya Hitla. Katika vyote viwili Mombasa ilikuwa mlango. Tarehe 1 Septemba 1914 kikosi cha 29th Punjabis kilishuka hapa kutoka Bara Hindi, na baada yake meli hazikukoma. Oktoba mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wamefika Gazi, kilomita kama 50 tu kusini mwa Likoni, na kilichowasimamisha hakikuwa jeshi kubwa. Miongoni mwa waliopigana huko ni Waarabu wa Mombasa, wakiwamo Washihiri waliozoea kuchukua maji na kuuza kahawa mjini, walioandikishwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge Nyali, Arthur Wavell.

Huyu Wavell ni mtu wa ajabu kidogo. Mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mswahili wa Unguja, na mwenzake safarini alikuwa Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. Akaandika kitabu kuhusu safari ile. Akauawa Mwele, huko Kwale, tarehe 9 Januari 1916. Leo ukiingia kwenye maktaba yoyote kubwa utapata ukoo wake, shule yake, kikosi chake, hata binamu yake aliyekuja kuwa jemadari mkuu. Masaudi je? Masaudi ni Masaudi. Jina moja, bila baba, bila mtaa. Na huyo ana bahati, maana yeye angalau ameandikwa.

Novemba 1914 Waingereza walipeleka Tanga askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, wakapigwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck ambacho hakikufikia robo yao. Wakarudi Mombasa mikono mitupu, maana bunduki mamia na risasi kama nusu milioni waliziacha ufukoni. Jambo hili humhusu sana mtu wa kazi yangu. Risasi ya Kiingereza iliyookotwa popote kuanzia Vanga hadi Voi huenda ilipigwa na Mwingereza, au na Mjerumani aliyeiokota Tanga. Chuma hakikuambii kilihamia mkono gani.

Vita vya Hitla vilituletea zaidi meli na ndege. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, Admirali Somerville aliihamishia Kilindini sehemu kubwa ya meli zake za vita, na kwa muda bandari yetu ikawa makao ya manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Port Reitz, ambako leo watu hupanda ndege Moi International, kulikuwa na uwanja wa ndege za kijeshi, na wanamaji wa Kiingereza walikuwa na kituo chao cha ndege walichokiita Kipanga. Ng'ambo ya pili, kisiwani, shule ya Allidina Visram iligeuzwa ofisi ya wavunjaji wa siri: ndani ya madarasa yale ulifumbuliwa mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani, ule walioupa jina JN-40. Kwa hiyo ukichimba Chaani au Mikindani ukakuta kijiko chenye alama ya mshale mpana, mshale wa mali ya serikali ya Uingereza, usishangae. Jeshi zima lilikula hapa.

Hilo ndilo swali la kwanza. Sasa la pili.

Kitu kikifika mezani kwangu sikitii siki wala ndimu, ingawa kila mtu ananishauri hivyo. Asidi hula kutu pamoja na maandishi. Natumia maji ya vuguvugu na mswaki mkuukuu. Ganda la risasi husomwa kitakoni, pale pini inapogonga. Nikishakausha, nafikicha unga wa chaki juu ya kitako, napangusa kwa kidole, na herufi zinabaki nyeupe ndani ya mikato yake. K ni Kynoch wa Birmingham. VII kwa hesabu ya Kirumi ni aina ya risasi iliyoanza kutumika mwaka 1910. KF yenye mshale ni kiwanda cha Kirkee, karibu na Pune. U ni kiwanda cha sarafu cha Afrika Kusini, na hiyo mara nyingi ni ya vita vya Hitla. Ukikuta ganda nene kama kidole, hilo ni la Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya moshi mweusi ambayo askari wengi wa Mjerumani walianza nayo vita. Ganda ambalo kichwa chake bado kipo silisafishi. Hilo ni la kuita polisi, na nimewaambia hivyo vijana wote wa mikokoteni.

Basi ganda linaweza kukutajia kiwanda, na pengine mwaka. Jina la mtu halitaji kamwe. Kwa jina unahitaji nishani, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo limenikaa rohoni tangu siku hiyo.

Nishani ya fedha ya vita vya Mjerumani, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, ina maandishi ukingoni. Ishike kwa kucha, izungushe pole pole kwenye mwanga wa dirisha: nambari, cheo, jina, kikosi. Ukishapata hayo, kuna orodha za nishani London, kwenye hifadhi ya taifa ya Kew. Mafaili ya askari wenyewe mengi yaliungua Septemba 1940 kwa mabomu ya Wajerumani, lakini orodha za nishani zilinusurika. Mhindi naye ana njia yake: Lahore, kwenye makumbusho, kulikuwa na rejista za askari 320,000 wa Punjab zimepangwa kijiji kwa kijiji, na mwaka 2021 zikaanza kuwekwa kwenye intaneti. Ina maana nishani ya Mpunjabi aliyeshuka Mombasa mwaka 1914 inaweza kurudishwa hadi mlangoni kwao, huku ya mtu wa Jomvu ikishindwa kuvuka Makupa.

Nishani za vita vya Hitla sasa. Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, ile Nishani ya Vita ya 1939–45. Serikali ya Uingereza iliamua kutochonga majina. Wahindi na Waafrika Kusini walichongewa na serikali zao wenyewe. Askari wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, walipewa chuma kitupu. Izungushe utakavyo dirishani.

Vibati vya shingoni navyo havisaidii. Tangu mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilimpa askari vibati viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa, cha kijani kibaki na maiti, chekundu kipelekwe ofisini. Nyuzi hizo udongo wenye unyevu huzila. Kwa joto na mvua za pwani, sijapata kuona hata kimoja kikiwa kizima.

Lakini kuna kitu kingine cha shingoni ambacho watu huniletea wakisema ni cha vita, nacho ni kikasha kidogo cha bati chenye tundu la kamba. Wengi hudhani kilikuwa cha dawa ya bunduki au cha hirizi. Ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, katikati ya vita, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920: jina, kabila, alama za vidole, na sahihi ya bwana aliyekuajiri, vyote kwenye karatasi ndani ya bati, na bati shingoni. Mkulima wa kizungu alitaka kujua mfanyakazi wake katoroka kwenda wapi. Jeshi halikutaka kujua hivyo kuhusu maiti zake. Ndivyo ninavyoona mimi, na anayeona vingine aniletee ushahidi. Karatasi zenyewe ndani ya vikasha huwa zimegeuka uji zamani.

Na wapagazi, hao hawakuwa hata na nishani ya kuzungusha wengi wao. Kariakor, ndivyo walivyoitwa. Vita vya Mjerumani huku vilipiganwa migongoni mwao, kwa sababu mbung'o aliua ng'ombe na farasi, na barabara hazikuwapo. Karibu watu milioni moja walichukuliwa katika nchi zote za vita hivi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Ujira ulishuka hadi rupia 5 kwa mwezi. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi hicho upande wa Kenya, alijitahidi kuwaandikisha kwa nambari na alama za vidole, tena alipigania walipwe. Hata hivyo mtu aliyekamatwa njiani akaulizwa jina alijitajia lolote, na karani akaandika alivyosikia. Mishahara mingi ikabaki bila mwenyewe. Wagiriama walikuwa wamekwisha kukataa kutoa vijana wao. Kaya yao kuu, Kaya Fungo, ikalipuliwa na Waingereza kwa baruti Agosti 1914, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.

Kisiwani, barabara ya Jomo Kenyatta, kuna sanamu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi hao. Ni kazi nzuri, shaba safi kabisa (samahani, jicho la biashara). Orodha ya majina hakuna. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Sababu haikuwa kupotea kwa kumbukumbu peke yake. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe.

Mtafutaji wa Ulaya anaanza na kitu, kinampeleka kwenye rejista, rejista inampeleka kwa familia. Huku lazima uanze na familia. Nilielewa hivyo siku mama mmoja wa Mtopanga aliponiletea kopo la tumbaku lililofukuliwa chini ya mwembe. Ndani mlikuwa na Nyota ya Burma na Nishani ya Vita, utepe umeshaoza. Ningezisugua mwaka mzima nisipate herufi. Nikamuuliza shamba lilikuwa la nani.

"La babu mzaa baba."

Babu alikwenda Burma?

Akacheka. "Alikuwa hataki kutajiwa Burma. Sisi tulikatazwa hata kuuliza."

Basi mwenyewe tulikuwa tumempata kabla sijaosha mikono, na ndiye aliyezifukia. Kwa nini, hatutamuuliza tena. Ila najua hakuwa peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Mfalme Charles alipokuja Kenya, aliwakabidhi wazee wanne nishani mpya katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, badala ya zile za zamani. Nishani nyingi za askari wetu ziliharibiwa au kutupwa enzi za Mau Mau, kwa sababu kupatikana na chuma cha mfalme kungeweza kumtoa mtu roho. Kesho yake mfalme huyohuyo alikuwa huku kwetu Mtongwe, kwenye kambi ya jeshi la wanamaji, akitazama mazoezi. Huku pwani hofu haikuwa ile ya bara. Wazee waliokuwa wakipita kwangu zamani walisema zaidi habari ya ardhi. Mtu katoka Burma, karudi Likoni, kakuta bado ni skwota kwenye shamba la mtu. Hiyo nyota aipachike wapi?

Tangu hapo sikubaliani sana na wanaosema kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe. Vingine mwenyewe alivitupa akiwa na akili zake timamu. Yule mama wa Mtopanga alirudi nyumbani na kopo lake, sikumpa bei. Alivyolifanya ni shauri la ukoo.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sivipeleki vyote Fort Jesus. Pale nje imesimama mizinga miwili ya vita vya Mjerumani: mmoja wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyozamishwa na wenyewe huko Rufiji Julai 1915 baada ya kuumizwa, na mwingine wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mizinga ya Königsberg ilitolewa majini, ikakokotwa na watu nchi kavu, ikapigana tena. Mzinga unajulikana meli yake, nahodha wake, kiwanda chake. Waliokokota kamba hawajulikani. Kwa vitu vidogo sheria yenyewe imevipa kisogo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, isipokuwa waziri atangaze vingine. Ganda la risasi la 1914 limechelewa miaka 19. Mwenye kuliyeyusha hana kosa, mradi awe na leseni ya chuma chakavu chini ya sheria ya 2015, kama niliyonayo mimi ukutani.

Kwa hiyo nina daftari. Kila kitu kinachofika naandika aliyekileta, mtaa, kina cha shimo kwa kadiri, na shamba lilikuwa la nani kabla ya kuuzwa. Safu hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua, kwa sababu Kisauni ardhi imeuzwa mara mbili tatu, wakati mwingine kwa watu wawili siku moja. Lakini ndiyo inayofungua milango. Waliopo mtaani wanakumbuka mashamba kuliko wanavyokumbuka vita.

Mara nyingine familia hutangulia, na kitu hakipo kabisa. Mzee mmoja wa Jomvu alikuja kwangu bila kifungo wala ganda, kwa sababu alisikia kuna mtu wa vyuma anayeuliza habari za vita. Ami yake alikuwa kwenye mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 kikosi hicho kilipanda meli ya Khedive Ismail hapa Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo, ikazama kwa muda wa dakika mbili tatu hivi. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wauguzi wanawake, na kikosi cha mizinga ndicho kilichopoteza wengi kuliko wote. Familia iliambiwa "amepotea baharini", basi.

Hao wa Khedive Ismail wameandikwa. Majina yao yamo kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, na kwenye tovuti ya ile Tume mtu yeyote anaweza kutafuta bure. Tulitafuta kwa simu yangu, mzee ameegemea mizani. Tulipata jina linalofanana sana na la ami yake, ila herufi moja imekwenda kombo na jina la baba halipo. Ndiye, au ni mwingine? Mzee hana shaka. Mimi nina shaka kidogo, na Tume haibadilishi maandishi bila ushahidi.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi la Kenya zimetoa majina ya maelfu ya askari wa Keya wa vita vya Mjerumani ambao hawakuwamo kwenye ukumbusho wowote. Ni habari njema, ila ni za vita vile vya kwanza, hazimfikii ami wa Jomvu. Kwake tumechukua njia nyingine. Wamethodisti walikuwa Jomvu na Ribe tangu karne ya kumi na tisa, na makasisi waliandika waliowabatiza: jina la mtoto, jina la baba, kijiji, tarehe. Mzee ana hakika ami alibatizwa. Tumeandika barua ya kuomba kuiona rejista ya miaka ya 1920, mzee akatia sahihi, na mimi nimeweka nambari yangu ya simu chini kwa sababu yake huzimwa mchana kuokoa chaji.